Picha ya Tatu

Daktari yuko Kisumu, mimi niko Muhoroni,
kati yetu simu ya Akelo, kioo chake ufa mtupu.

"Sogea mwangani," anasema.
Nasogea. Navua soksi kizingitini,
kuku wananikodolea macho.
Picha ya kwanza, giza.
Ya pili, kidole cha Akelo.
Ya tatu inakwenda, na bando linakwenda nayo.

Doa lilianza kama punje ya mtama
mwaka ule kiwanda cha sukari kilipoacha kutulipa
na bima ikalala.
Nimelipaka majivu, mafuta ya taa,
nimelipaka kimya.

Usiku, ujumbe mfupi:
*Njoo Alhamisi. Hulipi kitu. Nataka kuligusa.*

Nalirudia neno la mwisho.
Mimi mwenyewe
hulipaka kwa kijiti.