Sabuni Chini ya Kucha

Kabla ya jembe, sabuni.
Shangazi Barke alinifunza hivyo, uwani kwake Langoni:
kwaruza mche kwa kucha zote kumi,
jaza ile mianya mpaka iwe myeupe,
mchanga ukija ukute nyumba ina mwenyewe.

Nilicheka. Nikachimba hivihivi,
samadi ya punda, udongo mweusi wa mirehani,
na jioni nikaenda Bajuri kumtia bibi harusi hina.
Wifi yake hakutazama maua niliyochora.
Alitazama kucha zangu, akaagiza maji.
Tangu siku hiyo sikubishana tena na mche wa sabuni.

Ndimu kwa doa la utomvu wa mgomba.
Mswaki mkuukuu kwa pembe za kidole gumba.
Mafuta ya nazi mwisho kabisa, tone tu,
la sivyo mpini utakuponyoka.

Sasa magoti yamemgomea Shangazi.
Asumini naimwagilia mimi, naye yuko ndani,
majina yetu anayachanganya
kama mbegu zilizomwagika kibindoni.

Leo nimemshika mikono nimkate kucha.
Nimeweka beseni, nimeweka taulo,
nikavigeuza vidole vyake kwenye mwanga:
sabuni.
Zote kumi, zimejaa, imekauka humo.
Kumbe kila alfajiri alikuwa akijiandaa.

Nimeuweka mkasi chini.
Nimekiburura kile chungu cha mkilua chenye ufa
mpaka miguuni pake,
nikamwambia, "Bismillahi, Shangazi,
udongo huu hapa."