Mkate wa Zizini

Usiku wa kuamkia Noeli, Genowefa Sawicka
aligawa mkate mwembamba kama ganda la kitunguu:
mweupe kwa watu, wa rangi ya waridi kwa wanyama.
Ndivyo walivyofanya waliomzaa, na waliowazaa wao,
huko Podlasie, ambako theluji haibishi hodi.

Mezani supu ya bitiruti, uyoga, samaki,
na sahani moja tupu, ya mgeni asiyejulikana.
Mwanawe Zdzisław alikula ameinamisha kichwa.
"Lori litakuja tarehe ishirini na saba," alisema.
"Arubuni nimeshapokea. Imekwenda kwenye mabati."
Genowefa akainua macho. Kweli, paa halivuji tena.

Hakujibu. Alivaa koti la marehemu mumewe,
akauweka mkate wa waridi kifuani, penye joto,
akavuka ua, theluji ikimfika magotini.

Wazee husema, saa sita ya usiku huu
wanyama hupewa ulimi, kwa kuwa wao
ndio waliompisha Mtoto kwenye hori lao.
Lakini mtu asitege sikio: atakachosikia
ni siku ya kufa kwake.

Bławatek alikuwa amesimama, miaka ishirini na sita,
mgongo umebonyea kama kitanda cha wazazi.
Huyu alilima viazi. Huyu alivuta jeneza la Wincenty
hadi makaburini, njia nzima tope,
wala hakuteleza.

Genowefa alipiga magoti kwenye majani makavu.
Akakwama.
Paroko alimwambia zamani, kwa upole,
kwamba farasi hana roho ya kuombewa.

*Basi nianzie wapi, Bwana?
Sijui sala ya mwenye kwato.
Mwaka mto ulipomeza shamba nilikuomba malaika,
ukanipa mwenye mkia.
Na mimi jibu lako nimeliuza kwa bei ya bati.
Nisamehe. La, usinisamehe haraka.
Nifundishe kwanza kuona haya.*

Akaumega mkate. Midomo ya farasi
ikapapasa kiganja chake, kama mtoto anayetafuta titi gizani.
Kengele za kanisa zikalia saa sita.
Genowefa akatega sikio, liwalo na liwe.
Aliyekuwa na haki ya kusema hakusema.
Alipumua tu,
na pumzi ile ikakaa hewani baina yao,
nyeupe, haina haraka.

Tarehe ishirini na saba lori likaja.
Genowefa alikuwa langoni na bahasha,
akiba ya jeneza lake, zloti za miaka kumi na moja.
"Chukua arubuni yako, na hii ya usumbufu."
Dereva alihesabu, akacheka kidogo, akatia mfukoni.

Ingeishia hapo ningesema: Mungu ni mwema, tukalale.
Lakini ndani ya lori kulikuwa na kishindo.
Kati ya mbao, pua. Jicho. Pua nyingine.
Saba. Wanane, pamoja na mtoto
aliyebanwa chini ya matumbo ya wakubwa.
Na bahasha ilikuwa tupu.

Alitia mkono mfukoni mwa koti, akakuta
makombo ya waridi, yamechanganyika na nyuzi.
Akapanda juu ya gurudumu, bibi wa miaka themanini,
akapitisha vidole kati ya mbao,
na kila ulimi ukapata chembe.
Akauliza majina yao. Dereva hakuyajua.
Akawapa ya ndugu zake waliotangulia.
Dereva alipiga honi mara moja.
Kisha akazima injini, akangoja.

Hakuwaokoa. Hilo liandikwe hivyo hivyo.

Jioni ile aliichukua sahani ya mgeni
akaipeleka zizini, imejaa shayiri.
Na tangu hapo, ukimsikiliza nyuma ya ukuta
akianza sala yake ya kulala,
husema *Baba yetu*, halafu hunyamaza kitambo,
kama mtu anayehesabu
ni nani wote waliomo ndani ya lile *yetu*.