Sampuli ya Kumi na Tisa

Tangu saa nane usiku batli haijaongeza mstari.
Asilimia arobaini na moja, kisha kimya,
kishale kinapepesa kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Chumba kiko juu ya duka la saruji, Malindi, barabara ya Lamu.
Feni ya dari ilikufa zamani; ya kompyuta imetulia,
na hilo ndilo lililonitia shaka:
mashine inayofikiri hupata joto.
Hii ilikuwa baridi kama mtungi.

Nilidhani ni kumbukumbu, imejaa. Nikaipima. Tele.
Nikadhani ni diski. Diski ina uwanja wa kuchezea mpira.
Nikahesabu faili la kulia na la kushoto,
nikagawa kwa nne, kila kisomo na mistari yake minne:
mapacha sawasawa, hakuna aliyepungukiwa.
Nikaiua kazi, nikaianza upya. Mara tatu.
Mara tatu ikafika kumi na tisa, ikaketi.

Katana akasema mtambo una jini.
Nikamwambia jini hasomi muhogo.

Maana ni muhogo: majani ishirini na manne
ya Kakuyuni na Ganda, mazima na yenye michirizi,
nasi tunatega sikio, jeni zipi zilipaza sauti
na zipi zilinyamaza ugonjwa ulipobisha.
Usemi wa jeni, ndivyo tunavyouita.
Usemi! Na mimi nimekesha na bubu.

Alfajiri nikauliza nililopaswa kuanza nalo:
si "mbona umekufa?" bali "u hali gani?"
Jibu, herufi moja tu: imesimamishwa.
Haikufa. Haikulala. Imesimama mlangoni.

Jana niliituma ifanye kazi nyuma ya pazia, nikaenda kula.
Nikaiita mbele. Ikaja na swali mkononi,
ililolishika usiku kucha bila pa kulitua:

Faili hili lipo tayari. Niandike juu yake? Ndiyo au la?

Lipo, kweli. Nusu faili, la Jumanne stima ilipopotea,
limekatika katikati ya neno.

Nikabonyeza ndiyo. Feni ikavuma.

Jani la kumi na tisa ni la Umazi Ngowa.
Alilichuma mwenyewe, akalifuta vumbi kwa ncha ya leso,
akaniuliza: mbegu hii niipande tena, au niache?
Huu ni mwezi wa tatu tangu aulize.

Simu ninayo. Salio linatosha.

Asilimia arobaini na mbili.