Kufuga Maji

Kioo nilikipata Kongowea, nyuma ya mitumba,
futi mbili kwa moja, pembeni kina ufa wa unywele.
Mwenyewe alikuwa akitilia vitunguu.
Elfu moja na mia nane, akasema. Nikampa elfu na mia mbili
na kimya kirefu. Akavipokea vyote viwili.

Silikoni, mia tatu na hamsini.
Pampu ya hewa, yakoroma kama mjomba, mia sita.
Madumu matatu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia
nimeyasugua kwa ndimu hadi vidole vikachonyota.
Nayaandika haya nyuma ya daftari la hesabu la Lali,
maana Mishi ataniuliza, na ni haki yake.

"Bahari iko pale," akasema, mwiko ukielekea dirishani.
"Dakika kumi kwa miguu. Na ni bure."

Kweli.
Nimezaliwa kisiwani, miaka arobaini na moja
maji yamenizunguka pande zote, na sijui kuogelea.
Bahari naijua ngozi tu,
kama jirani wa kuamkiana naye kila siku
usiwahi kukaribishwa ndani.

Dzombo, asafishaye vidimbwi vya hoteli huko Nyali,
alinionya: usichote Tudor, utafuga vyoo vya watu.
Chota yakiwa yanajaa, yakitoka nje,
si yakirudi kutoka mjini.
Mwenye tuktuk akayatazama madumu. "Ya kuogea mikosi?"
Nikaitikia ndiyo. Ilikuwa fupi zaidi.

Mawe yalitoka Kuze. Ukuta wa kina Bi Rukiya
ulilala chini masika yaliyopita: matumbawe matupu,
miaka na miaka yamebeba boriti na ugomvi wa ndugu.
Niliomba manne. Nikakwangua chokaa kwa kisu,
nikayaloweka wiki tatu, nikimwaga, nikitia.
Siku nilipoyarudisha kwenye chumvi
yalitoa vipovu usiku kucha, kimoja kimoja,
hewa ya vyumba vya watu waliokwisha kufa.

Kisha, kungoja. Samaki hakuna.
Kamba mmoja tu, nimemuiba chunguni kabla hajaungwa,
aoze polepole, wadudu wasioonekana wazaliane
na wazoee kula sumu yake.
Wiki sita. Maji yakafanya ukungu, yakafanya kutu,
Mishi akafungua madirisha yote bila neno.

Mwanasiti alikuja kurudisha ungo, akachungulia.
"Kombo, wafuga nini humo?"
"Maji."
"Hayatoroki?"

Yanatoroka. Kila alfajiri yamepungua unene wa ukucha.
Nilishika dumu niongeze ya bahari, Dzombo akanizuia mkono:
kinachopanda ni maji matamu;
chumvi haijui njia ya hewani. Ongeza ya mvua.
Nikachora mstari kwenye kioo kwa wanja wa Mishi.

Wa kwanza kuhamia ni kaa, wale wa kuazima nyumba,
Lali alimuokota na kigamba chake cha konokono.
Ana mtaa mzima na hajalipa kodi.
Sisi twalipa tarehe tano.

Samaki ni mmoja. Kidole gumba, samawati,
mkia umechovywa manjano. Mia nne.
Na usiku ule ule stima ikapotea.

Pampu kimya. Nikatwaa kata,
nikachota, nikamimina kutoka juu, maji yameze hewa,
nikachota, nikamimina, hadi saa nane.
Mishi akaamka. Nikajua sasa nitasikia.
Akawasha tochi ya simu, akapiga magoti.
Alikuwa amejibana kwenye tundu la jiwe la Kuze,
mdomo wafunga, wafungua.
"Yuwalala macho wazi," akanong'ona.
Halafu: "Lete hiyo kata. Mkono wako unatetemeka."

Jumla sijapiga.
Lali ameanza kugawanya kwa upande wa mbele,
na hesabu zake ziko kurasa mbili tu kufikia zangu.