Gunia Nambari 117

Nilimnunulia Wieland kahawa, akaniuzia filamu.
Ndivyo tulivyoanza, ukumbi wa maonyesho wa Chemnitz,
Oktoba, mvua, makoti yananuka mbwa aliyelowa.
Nakala mia tatu thelathini na tatu tu zilitolewa,
hii jalada B, yenye mlango mwekundu,
na nyuma, kwa wino wa fedha: 117.
Euro arobaini. Sikubishana.
Nailoni yake ilikaza kama ngozi ya ngoma.

Inahusu nini? nilimuuliza.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa kivuli chake.
Sijui, akasema. Haijafunguliwa.

Mwaka uliofuata bomba likapasuka bafuni kwangu,
nikamrudishia kwa tisini.
Mkewe alipodai talaka na nusu ya sofa
akaniuzia kwa mia na sitini,
nami nikaiweka kabatini, mbali na dirisha,
maana jua huanza kula rangi nyekundu.
Nikanunua kipimajoto cha kabati.
Chumba ninacholala hakina.

Kisha mia mbili na kumi. Kisha mia mbili sabini.

Wahenga walituonya juu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Hawakusema neno juu ya watu wazima wawili
wanaouziana gunia lile lile miaka tisa,
kila mmoja akilipapasa kwa nje, akinong'ona:
pembe zipo, pembe hazijabonyea,
na hakuna hata siku moja aliyesikia mbuzi akilia.

Dada yangu Gudrun alikuja Pasaka.
Kwa hiyo, akasema, una filamu usiyoweza kuitazama,
na hiyo unaiita mali.
Nikamweleza uhaba. Nikamweleza soko.
Nikamweleza kwamba nakala 41 iliuzwa Graz
kwa bei ya mashine ya kufulia.
Akasema mashine ya kufulia, walau, hufua.
Alipoondoka nilikuta alama ya kidole chake kwenye nailoni.
Niliifuta kwa pumzi yangu na shati la pamba
mpaka taa ya jikoni ikaonekana ndani yake.

Machi, kampuni moja ya Vienna ikatangaza:
nakala elfu tano, picha iliyosafishwa upya,
mlango ule ule mwekundu, euro kumi na tano.
Bei ikaanguka kabla chai yangu haijapoa.

Wieland akapiga simu.
Iko kwako?
Iko kwangu.
Tukakaa kimya pamoja, kila mtu na pumzi zake,
kama watu wanaosubiri daktari atoke.
Nakuja na bia, akasema.

Tulitumia kisu cha kumenyea viazi.
Ncha ilipoingia, nailoni ikatoa kilio,
kidogo, chembamba, kirefu kuliko tulivyotarajia.
Wieland akaangua kicheko: mbuzi huyo!

Filamu ilikuwa mbaya.
Sisemi hivi kwa uchungu wa fedha. Mbaya.
Mlango mwekundu haumo kabisa.
Kuna mpelelezi asiyepeleleza kitu,
na farasi mmoja anayeonekana amechoka na mkataba wake.

Lakini kuna mahali, kama dakika ya hamsini,
mzee anakunywa supu peke yake.
Hakuna muziki. Kijiko kinagonga bakuli.
Anapuliza, anakunywa, anautazama ukuta,
dakika nne nzima, mpaka bakuli linakwisha
na bado anakwangua.
Wieland aliiweka bia yake chini.
Mimi nilikuwa na kikohozi tangu Februari. Sikukohoa.

Rudisha nyuma kidogo, akasema.
Nikarudisha.

Saa nane za usiku alisimama kizingitini, kofia mkononi,
akaipapasa pembe ya kasha kwa mazoea.
Unataka kiasi gani?
Arobaini, nikasema.
Akatoa pochi. Akahesabu. Akairudisha mfukoni.
Ghali, akasema. Imeshatazamwa hii.
Tutabishana Oktoba.