Kabla ya Msumeno

Uliota Kuze, juu ya mlango wa chumba cha Mama,
penye boriti iliyonyonya mvua za masika
tangu bati lilipong'oka na sote tukasema
"tutalipigilia," kila mtu akimwachia mwenziwe.
Fundi Shee alikuwa keshaegemeza ngazi,
msumeno kwapani, penseli sikioni.
Nikamwambia, ngoja.
"Uyoga nao wangojewa?"
Na Mama, kutoka kitandani: "Waliwa huo?"

Nikaukata kwa wembe, nikaufunga kwa gazeti,
nikaupeleka Makadara, maabara,
ambako mchana kutwa kazi yangu ni damu za watu
na kuhesabu malaria.
Zamu ilikwisha. Feni ilizunguka bila kupoza kitu.

Chini ya kofia, matamvua,
membamba, yamebanana, kama ya kikoi kilichotoka dukani.
Nikachanja kipande kilichokaribia kuwa si kitu,
nikakidondoshea buluu, nikalaza kioo juu ya kioo,
tone la mafuta, lenzi ya mia,
nikashika pumzi.

Ukingo wa tamvua ulikuwa umati.
Virungu bega kwa bega: vingine bado vifupi,
vimefura vichwa, havijabeba kitu;
vingine ndio kwanza vinachomoza pembe;
vingine pembe zimetimia nne
na kila pembe, nchani, ina kivimbe
kinachokua kama povu la sabuni mdomoni mwa mrija
kisha kinageuka kahawia, kinakuwa punje.
Umri wote ulikuwa pale, mstari mmoja,
kichanga kando ya mzee.

Viini sikuviona. Buluu yangu haifiki huko.
Navijua kwa mwalimu wetu wa chuo, Bwana Mwadzombo,
aliyevichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili:
viwili katika kila chumba, urefu wote wa uzi,
havigusani. Ukuta mpya ukijengwa
huota kikono pembeni, hujikunja nyuma
kukirudisha kimoja kisiachwe upande wa peke yake.
Miezi. Pengine miaka. Ndani ya mti, gizani,
wawili na mikeka yao miwili.
Ni kwenye kirungu tu, mwisho wa safari, ndipo huungana,
na hawakai: huyo mmoja hugawika, hugawika tena,
wanne, kila mmoja akisukumwa juu
kupitia shingo ya pembe nyembamba kuliko yeye.

Sitaki kufananisha.
Sisi tu wanne. Baba alilala chumba cha uani
hata mwaka aliokufa.

Halafu kuruka. Hapa ndipo ninapopapenda.
Chini ya punje, pale inapokanyaga pembe,
hutokeza tone la maji, dogo kuliko kitone cha herufi.
Ubavuni mwa punje kuna unyevu mwingine.
Tone hukua mpaka likauguse, yakamezana,
na kwa mshtuko huo punje huchupa.
Si mbali: nusu ya uchochoro kati ya tamvua na tamvua,
maana ikizidi itagonga ukuta wa pili, inate.
Inafika katikati, inasita, inaanguka wima
hadi penye upepo.
Nani aliyeipimia?

Kofia iliyobaki niliilaza usiku juu ya bili ya stima,
nikaifunika bilauri.
Asubuhi ilikuwa imejichora: miale myeusi kutoka kitovuni,
ikipita juu ya jina la Mama na deni lake.
"Kalamu gani hii?" akauliza Fundi Shee,
kisha akaikata boriti. Ndani laini kama mkate uliolowa chai,
na nyuzi nyeupe zimeshahamia boriti ya pili.

Mama akaigusa ile miale,
akatazama kidole: cheusi,
kama cha mtu aliyetoka kupiga kura.
"Hizi zote mbegu?"
Mbegu, Mama. Maelfu kwa maelfu.
Akakipangusa mwimoni mwa mlango.