Wakia Mbili kwa Galoni Tano

Baba hakuwa na daftari.
Aliandika ukutani, ndani ya banda la boti,
kwa penseli ya seremala, akianzia usawa wa macho
na kushuka mstari mmoja kila mwaka:
Oktoba 9, 1981. Galoni tano. Wakia mbili. Imewaka mvuto wa tatu.
Basi.
Mwaka aliozaliwa kaka yangu Martti umo humo,
na kilichoandikwa ni plagi mpya.

Nimekuja kuuza.
Ziwa hili la kaskazini ya Michigan
limebakiza wiki tatu ligande,
na dalali amesema ondoa kila kinachonuka petroli.

Injini imening'inia kwenye gogo lake,
nguvu za farasi tisa na nusu, bluu yake imebabuka,
kofia yake imekazwa kwa mkanda wa suruali.
Nilipopata akili niliikuta tayari kuukuu.

Lawama zote alizitupia petroli ya siku hizi.
"Wametia pombe ya mahindi humu," alikuwa akisema,
"na pombe haijawahi kuona maji ikayaacha."
Huyavuta hewani usiku, ukungu ukilala juu ya ziwa,
hata tangi likawa na tabaka mbili:
juu petroli, chini uji usiowaka.
Mipira hulegea. Kabureta huota gundi ya rangi ya asali.
Ndiyo sababu ya chupa nyekundu,
dawa aliyoipima kwa kizibo chake chenyewe,
akikiinua hadi kwenye jicho
kama mtu asiyemwamini muuza duka.

Wendell Maki, jirani, alimcheka:
hiyo mashine unaitibu au unainywesha chai?
Wendell amekwisha kununua tatu.

Nimesoma ukuta hadi chini.
Herufi zinaanza kuinama karibu na 2016,
kama misonobari ya upande wa upepo.
Kisha mwaka wa mwisho:
Oktoba 10. Galoni tano. Wakia mbili.
Oktoba 10. Wakia mbili.
Oktoba 11. Wakia mbili. Nimeweka?

Kiulizo. Cha kwanza
katika ukuta wa miaka arobaini.
Jumapili hiyo nilimpigia simu, kama kila Jumapili.
Nikamuuliza hali. Akaniambia theluji bado.

Nimemwaga yaliyokuwamo tangini;
yananuka rangi ya mlango.
Nimetia petroli mpya na oili, hamsini kwa moja,
nimepima kizibo, nimekiinua, nimefumba jicho moja,
sijui la kulia au la kushoto ndilo alilolifumba.
Nimeishusha injini majini, mgongo ukalia.
Nimeminya kibofu cha mpira hadi kikawa kigumu.
Choki. Kamba.
Mvuto wa tatu, kimya.
Wa tano, kikohozi.
Wa saba, moshi mweupe ukafunika gati lote
na nikasimama ndani yake nikinusa koti lake.

Dakika kumi, ili dawa ifike kwenye kabureta,
si tangini tu. Hilo nalikumbuka; alilirudia
hata mezani, hata siku ya mazishi ya mama.
Kisha nikachomoa mpira, nikangoja.
Ilikunywa kilichobaki kooni,
ikaongeza mbio kidogo ghafla,
kama zinavyofanya zote zikikaribia kuishiwa,
ikanyamaza.
Rafadha ilizunguka mara mbili zaidi, bure.

Simu ya dalali ililia mfukoni. Nikaiacha ilie.
Mtu hatii dawa ya kuvukisha baridi
kwenye kitu atakachokiuza wiki ijayo.
Najua.

Nafasi iliyobaki ukutani iko karibu na sakafu,
na penseli ni fupi kama kidole gumba.
Nikapiga magoti.

Oktoba 12. Galoni tano. Wakia mbili.
Imewaka mvuto wa saba.
Nimeweka. Mara moja.